Tembo Akivuka Mpaka Anakuwa wa Nani?

"Wametuulia tembo wetu."

"Wenu kivipi? Si kauawa Longido? Longido iko nchi gani?"

Mabishano ya namna hii yalianza kusikika mwishoni mwa 2023, watafiti wa Amboseli, kusini mwa Kenya, walipotoa taarifa kwamba madume wakubwa wa tembo waliokuwa wakiwafuatilia kwa miaka mingi wanapigwa risasi upande wa pili, Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro. Waliowaua hawakuwa majangili. Walikuwa wawindaji wa kitalii wenye vibali vya Tanzania mkononi. Kufikia katikati ya 2024 tembo waliotajwa kuuawa walikuwa hawapungui watano. Kwa Wakenya wengi huo ulikuwa unyang'anyi. Kwa Watanzania wengi alikuwa ni jirani anayeingia jikoni kwetu kutufundisha kupika.

Katikati ya kelele hizo hutokea mtu akauliza swali la maana, na hakuna anayemjibu: kwani hizi nchi mbili hazina makubaliano kuhusu wanyama wanaovuka? Yapo, na wakati huohuo ni kama hayapo. Ili kuelewa hali hiyo ya kuwepo na kutokuwepo inabidi tutoke kwanza kwa tembo, tupite kwa nyumbu, tupande milima ya Virunga, kisha tushuke kusini kidogo. Hakuna haraka.

Maneno matatu kabla ya safari

Uhifadhi wa kuvuka mpaka ni pale nchi mbili au zaidi zinapokubali kushauriana katika kulitunza pori, mto, ziwa au kundi la wanyama ambalo kila mmoja ana kipande chake. Hilo tu. Mpaka haufutwi, na hakuna ardhi inayouzwa wala kugawiwa. Kila serikali inabaki na askari wake, sheria zake na bendera yake.

Ushoroba ni njia ya wanyama kutoka eneo moja hadi lingine, mara nyingi ikipita katikati ya mashamba na malisho ya watu. Amboseli yenyewe ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 392 tu. Tembo wake hawawezi kuishi humo mwaka mzima, kwa hiyo wanatoka, na baadhi yao wanashuka hadi Enduimet kupitia ushoroba ambao ulikuwepo kabla ya mtu yeyote kuchora ramani.

Neno la tatu ni hifadhi ya amani. Hilo linapendwa sana na waandishi wa hotuba. Hutumika kwa hifadhi zinazopakana, moja huku na nyingine kule, zilizotangazwa pamoja kama alama ya ujirani mwema. Ya kwanza kuitwa hivyo ilianza 1932, Waterton ya Kanada ilipounganishwa kwa jina na Glacier ya Marekani. Nchi hizo mbili hazikuwa na ugomvi wowote wakati huo. Ni sawa na kumpa tuzo ya usuluhishi mtu aliyewakuta mume na mke wakinywa chai.

Mwembe wa Mama Asha

Tumchukulie Mama Asha ana mwembe. Shina liko kwake, matawi yamelala uani kwa Mzee Juma. Maembe yanayoangukia kwa Mzee Juma ni ya nani? Mtaani jibu linategemea wanavyoishi. Wakielewana, Mzee Juma anaokota mawili matatu, mengine anayarudisha kwenye ndoo. Wakigombana, mmoja anachukua panga na kukata matawi, na mjumbe wa nyumba kumi anaitwa.

Sheria ya kimataifa kuhusu wanyamapori inafanana na mtaa huo kuliko tunavyodhani. Msingi wake ni kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya maliasili zilizo ndani ya mipaka yake. Tembo hana uraia. Asubuhi akiwa Amboseli yuko chini ya sheria za Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Siku ya pili akiwa Enduimet yuko chini ya sheria za Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni biashara halali, yenye vitalu na vibali vyake. Enduimet ni jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, yaani vijiji vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na vinapata mgao wa mapato. Wanavijiji hao hao ndio wanaoamka na kukuta mahindi yamelazwa chini. Kwa hiyo anayesema Tanzania ilivunja sheria za Kenya hajui sheria. Anayesema Kenya haina haki hata ya kuuliza naye hajui ujirani.

Hapa ndipo uhifadhi unapogeuka kuwa uhusiano wa kimataifa: sheria inafika mwisho na ugomvi haujaisha. Hili limewahi kutokea. Mwishoni mwa 1994 madume wa Amboseli walipigwa risasi upande wa Tanzania vivyo hivyo, kelele zikawa kubwa vivyo hivyo. Kilichofuata hakikuwa kesi wala vita vya maneno visivyokwisha. Tanzania iliacha kuruhusu uwindaji wa tembo katika ukanda ule wa mpakani, na utaratibu huo ukadumu karibu miaka 30. Kwangu mimi hayo ni mafanikio makubwa ya diplomasia ambayo hayakupigiwa hata ngoma. Udhaifu wake ni kwamba yalikuwa makubaliano ya kiungwana. Uungwana ulipokwisha mwaka 2023, Kenya haikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Karatasi zilizopo zinasema mambo ya jumla. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, kifungu cha 116, unazitaka nchi wanachama ziwe na sera ya pamoja ya kuhifadhi na kutumia wanyamapori. Angalia maneno hayo mawili, kuhifadhi na kutumia. Kenya inasoma zaidi la kwanza, Tanzania inasoma yote mawili, na kila mmoja yuko sahihi kwa kusoma kwake.

Tofauti hiyo imewafuata hadi nje ya bara. Kenya ilichoma shehena ya pembe za ndovu mwaka 1989 mbele ya kamera za dunia, na mwaka 2016 ikachoma nyingine ya zaidi ya tani 100. Tanzania, kwa upande wake, mwaka 2010 ilikwenda Doha kwenye kikao cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ikiomba kuuza pembe zilizokuwa ghalani. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliosimama kupinga, na ombi likaangushwa. Majirani wawili, wanachama wa jumuiya moja, wanavutana ukumbini Uarabuni kwa ajili ya wanyama ambao wengine huamka nchi moja wakalala nchi nyingine. Kwa hiyo tukianza na imani kwamba wanyamapori peke yao huleta amani, tutapotea mapema.

Nyumbu hupita, ng'ombe hukamatwa

Sasa tugeukie kundi lililo kubwa kuliko yote. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja. Huzaa kusini, maeneo ya Ndutu, kati ya Januari na Machi, kisha hufuata mvua na majani hadi kuingia Maasai Mara, na kuanzia Oktoba huanza kurudi. Katika mazungumzo ya kawaida kila upande una malalamiko yake. Mtanzania atakwambia nyumbu ni wetu, Wakenya wanawauza tu, kama wanavyojitangazia Kilimanjaro. Mkenya atauliza: bila majani ya Mara na maji yake wakati wa kiangazi, hao nyumbu wenu wangekula nini?

Ana hoja. Mto Mara unaanzia kwenye milima ya Mau, Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unamwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kiangazi kikikaza, kaskazini mwa Serengeti huo ndio mto usiokauka. Maana yake ni kwamba msitu unaokatwa Mau na mtambo wa umwagiliaji unaowekwa Narok ni habari ya Tanzania pia. Kwa tembo Kenya ndiyo inayolalamika. Kwa maji, mwenye haki ya kulalamika ni Tanzania. Kila nchi ina kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na wanadiplomasia wanajua kwamba mazungumzo ya kweli huanzia hapo. Tangu 2012 kuna Siku ya Mara, kila Septemba 15, inayoadhimishwa kwa zamu upande huu na ule chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Ni rahisi kuicheka siku hiyo, na fulana zake na hotuba zake. Lakini pembeni ya hotuba ndipo ofisa wa maji wa upande mmoja anapopata namba ya simu ya mwenzake wa upande wa pili.

Kuna tukio moja ambalo watu wachache wanalikumbuka, nami ningependa lifundishwe shuleni. Mwaka 2010 Tanzania ilikuwa na mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kwenye njia ya nyumbu. Shirika la kutetea wanyama la Nairobi, ANAW, halikuishia kupiga kelele magazetini. Lilikwenda Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, likaishitaki serikali ya Tanzania. Juni 2014 mahakama ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo, kwa hoja kwamba ingekiuka mkataba wa jumuiya. Raia wa nchi moja wanaishitaki serikali ya nchi nyingine kuhusu nyumbu, majaji wa nchi za jumuiya wanatoa uamuzi, na hakuna balozi aliyefukuzwa. Serikali ilisema wakati wote kwamba haikukusudia kuweka lami ndani ya hifadhi. Na watu wa Loliondo na Mugumu waliokuwa wakiisubiri barabara nao wana la kusema, maana mgonjwa anayepelekwa hospitali hali nyumbu wala utalii. Sitajifanya kwamba upande huo haupo.

Halafu kuna ng'ombe. Oktoba 2017 Tanzania iliwakamata na kuwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka Kenya waliovuka kutafuta malisho, na mwisho wa mwezi huohuo ikachoma moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga. Nairobi ilikasirika. Ukilitazama kwa jicho la mfugaji, nyumbu akivuka ni mtalii, ng'ombe akivuka ni mhamiaji haramu. Majani ni yaleyale na kiangazi ni kilekile, na ndugu wako pande zote mbili za mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. (Kile kisa cha Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake, mtawala wa Ujerumani, Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mstari ukapinda, ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Ulipindishwa na majadiliano ya wakoloni wawili, kila mmoja akivutia kwake.)

Familia iliyovuka mpaka uliofungwa

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko magharibi zaidi, pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana kwenye kilele kimoja, mlima Sabyinyo. Kila nchi ina hifadhi yake: Virunga upande wa Kongo, iliyoanzishwa 1925, Volkano upande wa Rwanda, na Mgahinga upande wa Uganda. Msitu ni mmoja. Ndani yake wanaishi gorila wa milimani, ambao Wanyarwanda huwaita ingagi.

Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, njia kuu ya malori kati yake na Uganda. Serikali zilikuwa zikishutumiana mambo mazito, ujasusi na kuhifadhi maadui. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walikosa kazi. Agosti mwaka huo marais wawili walisaini hati ya maelewano mjini Luanda, lakini mpaka ukabaki umefungwa hadi mwisho wa Januari 2022.

Mwishoni mwa Agosti hiyohiyo familia ya gorila iitwayo Hirwa, yaani mwenye bahati, iliondoka upande wa Rwanda ikaingia Mgahinga, Uganda. Hawakuwa gorila wa porini tu wasiojulikana. Walikuwa wamezoeshwa watu, wakitembelewa na watalii. Kibali cha kuwaona gorila Rwanda ni dola 1,500 kwa mtu, na familia moja hutembelewa na watu wanane kwa siku. Piga hesabu: dola 12,000 kwa siku zimeamka asubuhi zikavuka mpaka kwa miguu, kwenda kwa jirani ambaye hamsemeshani.

Hapo pangeweza kuzuka ugomvi mwingine. Haukuzuka, kwa sababu njia ya kuzungumza ilikuwepo tayari. Tangu 1991 mpango wa kimataifa wa kuhifadhi gorila ulikuwa ukiwakutanisha maofisa wa hifadhi za nchi tatu, na walikutana hata katika miaka ambayo majeshi ya nchi zao yalikuwa vitani Kongo. Walianza na mambo madogo: ratiba za doria, mitego iliyokutwa wapi, kundi gani limeonekana upande gani. Baadaye wakaingia kwenye suala gumu la mapato ya kundi linalohama. Mwaka 2015 serikali tatu zikasaini mkataba rasmi wa chombo chao cha ushirikiano wa Virunga, kifupi GVTC, ambacho makao yake yako Kigali.

Februari 3, 2020, radi ilipiga Mgahinga. Wanne wa familia ya Hirwa walikufa: majike watatu, mmoja akiwa na mimba, na dume mdogo. Taarifa kwa dunia ilitolewa na GVTC. Fikiria hilo. Gorila waliohama Rwanda wamefia Uganda, mpaka wa watu umefungwa, na chombo chenye ofisi Kigali ndicho kinachotoa salamu za msiba kwa niaba ya wote.

Uswahilini kila mtu anaijua hali hii. Baba zao wamegombana kwa sababu ya kiwanja, hawasalimiani mwaka wa pili sasa. Lakini mtoto anatumwa kuomba chumvi. Mtoto hafanyi upatanishi, na akiulizwa habari za ugomvi hajui lolote. Ila anarudi na chumvi, na pengine na habari kwamba mama wa upande wa pili anaumwa. Siku wakubwa wakitaka kuzungumza, njia kati ya nyumba mbili haijaota majani. Uhifadhi kati ya nchi zilizokosana hufanya kazi ya mtoto huyo.

Matunda yake kwa gorila wenyewe yanahesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo la Virunga lilikuwa na gorila takriban 250. Sensa ya 2015 na 2016, iliyofanywa na timu za nchi zote tatu zikihesabu viota na kukusanya kinyesi kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, ilipata 604. Ukijumlisha na wale wa misitu ya Bwindi, Uganda, na Sarambwe, Kongo, waliohesabiwa 2018, jumla ni 1,063. Huwezi kufanya hesabu hiyo ukiwa peke yako, maana utamhesabu huyohuyo mara mbili, leo kwako, kesho kwa jirani.

Tuutazame na upande wa giza. Mtoto wa chumvi hawezi kuzima moto wa nyumba. Waasi wa M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021, na sehemu ya gorila upande wa Kongo ikawa ndani ya eneo la mapigano. Januari 2025, mji wa Goma ukikaribia kuanguka mikononi mwao, Kinshasa, ikiishutumu Rwanda kuwasaidia waasi hao, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kigali. Hakuna mkataba wa gorila uliozuia hilo, wala haungeweza. Zaidi ya askari wa hifadhi 200 wa Virunga wameuawa kazini kwa miaka yote hii. Aprili 2020 pekee waliuawa 12 katika shambulio moja. Na msitu wenyewe unalipia vita: miti inakatwa, inachomwa, inauzwa mjini kupikia. Goma mkaa huuita makala. Kila ninapoandika neno hili juu ya kazi yangu huwa nakumbuka kwamba kwa msomaji wa Kivu linanuka moshi.

Kusini: uzio, pasipoti na watu waliosahauliwa

Dhana nyingine inayozunguka ni kwamba nchi zikiunganisha hifadhi, mpaka umekufa na kila mtu anapita. Mahali palipokaribia sana hali hiyo ni Kgalagadi, jangwani kati ya Botswana na Afrika Kusini, hifadhi iliyozinduliwa na marais wa nchi hizo Mei 2000. Mtalii anaweza kuzunguka ndani pande zote mbili bila kugongewa muhuri, mradi atokee nchi aliyoingilia. Akitaka kutokea nchi ya pili, pasipoti inatakiwa kama kawaida. Kwa hiyo mpaka upo, umesogezwa tu kutoka katikati ya pori hadi getini. Hapo palikuwa rahisi: watu ni wachache, na nchi hazikuwa na ugomvi.

Limpopo ni habari nyingine. Mkataba ulisainiwa Desemba 2002 na Msumbiji, Afrika Kusini na Zimbabwe, kuiunganisha Kruger, hifadhi ya Afrika Kusini, na mapori ya majirani. Mwaka mmoja kabla, Nelson Mandela alifungua mlango tembo wa Kruger waingizwe Msumbiji. Baadhi yao waligeuza wakarudi kwa miguu, jambo linaloonyesha kwamba tembo hasikilizi hotuba. Sehemu ya uzio iliondolewa. Lakini upande wa Msumbiji, bonde la Shingwedzi, kulikuwa na maelfu ya watu wanaoishi na kulima, na wengi waliambiwa wahame. Kisha ujangili wa faru ukapamba moto, wengi wa majangili wakitokea Msumbiji kuingia Kruger, na mazungumzo yaliyoanza kwa lugha ya amani yakahamia kwenye bunduki, helikopta na doria.

Hilo linaturudisha kwenye shutuma tunayoisikia hata kwetu, kwamba haya yote ni ajenda ya wazungu. Sehemu yake ni kweli, na haifai kuificha. Fedha nyingi hutoka nje. Limpopo ya Msumbiji imetegemea sana fedha za Ujerumani. Anayelipa mpiga zumari huchagua wimbo, na mara nyingi wimbo huo una tembo wengi na wanakijiji wachache. Lakini ukisema wazo lenyewe ni la kuletwa, nitakuuliza kuhusu dago. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda dago upande wa Vanga na Shimoni kwa vizazi, wanakaa msimu, wanavua, wanarudi. Maelewano ya nani avue wapi, na mgeni afikie kwa mwenyeji gani, yalikuwepo kabla ya Kenya na Tanzania kuwa na majina hayo. Tulichokosa ni kuyapa maelewano hayo nafasi kwenye meza ya mawaziri.

Na je, kuna mahali uhifadhi ulisaidia kumaliza vita kabisa? Mfano unaotajwa zaidi uko Amerika Kusini. Peru na Ekwado zilipigana mwanzoni mwa 1995 kwenye milima ya Cordillera del Cóndor, msitu mnene ambao mpaka wake ulikuwa haujawahi kuwekwa sawasawa. Makubaliano ya Brasilia ya Oktoba 1998 yaliweka mpaka, na pamoja nao maeneo ya hifadhi pande zote mbili. Palipokuwa pagumu kuliko pote ni Tiwinza, ambako askari wa Ekwado walikuwa wamefia. Suluhisho lilikuwa la ajabu: Ekwado ilipewa kilomita moja ya mraba ndani ya Peru kama mali binafsi, bila mamlaka ya nchi. Ni kama kuwa na hati ya kiwanja mtaa ambao serikali yake si yako.

Ukiisoma historia hiyo kwa haraka utasema msitu uliwapatanisha. Sidhani. Zilipatanishwa na uchovu wa vita, uchumi uliokuwa taabani na wasuluhishi wanne walioshinikiza. Hifadhi iliwasaidia kwa jambo dogo lakini gumu: iliwapa majenerali na wanasiasa njia ya kuondoka kwenye kilima bila mtu kusema wameshindwa. Hatukumwachia adui, tumewaachia ndege na miti. Wenyeji wa msitu huo, Washuar na Waawajun, walikuwa na ndugu pande zote mbili muda wote.

Karatasi inayokosekana

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza kama hizi nchi mbili hazina makubaliano. Makubaliano yapo: kifungu cha jumuiya, kamisheni ya ziwa, mikutano ya wakuu wa wilaya na makamanda wa mipakani, na simu kati ya askari wa Kenya na wa Tanzania wanaofuatilia jangili mmoja. Kinachokosekana kati ya Amboseli na Enduimet ni kile ambacho Virunga wanacho, chombo cha pamoja chenye jina, ofisi na mtu wa kumpigia simu tembo mkubwa anapovuka, pamoja na hesabu iliyo wazi ya nani anafaidika akiwa hai na nani anafaidika akifa. Mwanakijiji wa Enduimet ambaye hapati kitu kwa tembo hai hana sababu ya kuwasikiliza Wakenya, na simlaumu. Nairobi ikitaka risasi zikome, italazimika kufika mezani na kitu mkononi zaidi ya hasira. Dodoma nayo ikitaka kusikilizwa kuhusu Mau na maji ya Mara, itabidi iwe tayari kuzungumzia tembo.

Wakati huohuo kuna lango moja la kutazama. Februari 1977, jumuiya ya zamani ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ukafunguliwa tena 1983, lakini njia ya Bologonja, pale Serengeti inapogusana na Mara kwenye mto Sand, haikurudishwa kwa watalii. Mtalii aliyeko Mara mwezi Oktoba, anayetaka kuwafuata nyumbu wanaoanza kurudi, anawaona kwa macho wakipita hapo. Yeye hageuzi mguu. Anageuza gari, anaelekea Isebania, anapanga foleni, anagongewa muhuri, anaingia Sirari, anakodi gari jingine, anaizunguka hifadhi kutafuta lango. Akifika Kogatende, nyumbu wale walishapita.